Sungura Aliyelala Masikio

Meneja wa hoteli ya Kiwengwa, nilikokuwa nikifua mashuka, alipomaliza mkataba na kurudi kwao, aliniachia sungura wake jike. Nilimpeleka nyumbani Mpendae, kwa baba yangu. Mama alikuwa amefariki miezi saba nyuma, na tangu hapo baba hakuwa akitoka ila kwenda msikitini.

Alimtazama yule sungura muda mrefu. Masikio yalimning'inia mashavuni kama majani yaliyonyauka.

"Umepewa mgonjwa, mwanangu," akasema. "Kavunjika masikio."

Akaanza kumtibu. Kila asubuhi alimkanda kwa mafuta ya nazi, kisha akayainua masikio na kuyafunga kwa utepe wa kanga. Akifungua, yanaanguka vilevile. Wiki ya pili nilimkuta baba kavaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Nnakwenda kwa daktari wa mifugo. Nitafutie kikapu, twende sote."

Daktari alikuwa msichana wa rika langu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

Daktari akayabinya masikio shinani, akamulika ndani kwa tochi. "Hana kitu. Ndivyo alivyoumbwa. Kuna mbegu za namna hii huko Ulaya."

"Mbegu gani, basi?"

Hilo hakulijua. Akatoa kabatini kitabu cha ufugaji kisicho na jalada, baba akavaa miwani, wakainamia picha pamoja. Wa kwanza masikio yake yaliburuzika chini, wetu hayakufika. Wa pili alikuwa mkubwa mno; wetu tulipompima hakutimiza kilo mbili. Wa tatu, mdogo wa asili ya Uholanzi, alifanana naye mwili na manyoya, lakini daktari akatikisa kichwa.

"Huyu wa kitabuni uso wake bapa. Wenu ana pua ndefu. Amechanganyika na sungura wa kawaida."

Baba akavua miwani. "Babu yangu katoka ng'ambo, Hadhramaut, bibi yangu Mtumbatu wa hapahapa," akasema. "Basi huyu mwenzetu!"

Akacheka mpaka akashika meza. Nami nikageukia dirishani, maana sikutaka anione nikifuta macho.

Tulipokuwa tukiondoka aliuliza, "Akipata dume la kawaida, watoto watakuwaje?"

"Sijui, baba. Tungoje tuone."

Dume baba alilifuata mwenyewe Jang'ombe, kwa miguu. Wakazaliwa sita, na wiki zilizofuata baba alikuwa akiita majirani waje kuangalia masikio. Wanne yalisimama. Mmoja yalilala ubavuni. Wa sita lilisimama moja, jingine likaanguka.

Nilipowapelekea majirani habari kwamba watagawiwa watoto wa sungura, baba alikuwa keshamwalika daktari. Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, na baba, ambaye maisha yake yote alikuwa akipikiwa chai, aliingia jikoni akachemsha maziwa, akatia iliki nyingi kupita kiasi. Tuliinywa hivyohivyo barazani, yeye akimweleza daktari kwa nini yule wa sita hatampa mtu.