Bi Nyuzi na Mlango wa Saa Sita

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima zote, kwamba tumepata mtaalamu wa joto. Hana ofisi, hana gari, wala hana kadi ya kugawa kwenye mikutano. Anapatikana stoo, nyuma ya duka la ushonaji la shangazi yake, kati ya gunia la vipande vya vitambaa na kabati lenye miguu mitatu. Kiti chake ni ndoo iliyopinduliwa, na ndoo yenyewe haisogezwi hata shubiri, maana hapo tu ndipo mtandao unapokamata. Mwenye swali kuhusu moto wa porini amfuate huko. Ila afike kabla ya saa sita. Baada ya hapo mlango haufunguki.

Mtaani anaitwa Bi Nyuzi. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza ya mafunzo yake ya vitendo, alipopaza sauti kutoka stoo, "Nyuzi thelathini na tisa!" Shangazi, aliyekuwa anampima mteja gauni, akamjibu kwa sauti hiyohiyo, "Zote hizo za nini? Na rangi gani?" Binti alikuwa anasoma kipimajoto. Mteja alicheka mpaka pini za gauni zikamchoma mbavuni, akatoka akiwa na jina la kusambaza.

Mafunzo yenyewe ni ya mtandaoni. Chuo kilimtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alete barua yenye mhuri kuonyesha amefanya kazi ya utafiti saa mia mbili na arobaini, la sivyo jina lake halisomwi siku ya mahafali. Bi Nyuzi akapokelewa na taasisi moja ya utafiti wa joto kali na moto wa porini. Walimtumia kipimajoto cha kutundika ukutani, fulana yenye nembo, na programu ya kuhesabu saa. Programu hiyo ina kitufe kimoja, kimeandikwa NIPO. Kila baada ya dakika kumi kinajitokeza kwenye kompyuta, na usipokibonyeza, saa nzima inafutika kana kwamba hukuwahi kuzaliwa.

Zamu aliyopangiwa ni kuanzia saa nne na nusu asubuhi mpaka saa nane na nusu, kwa sababu wataalamu wamegundua kwamba huo ndio wakati wa joto. Mlango wa stoo nao uligundua jambo hilohilo bila ufadhili. Ni mlango wa chuma. Fundi aliuchomelea na kuupima alfajiri moja ya baridi, ukakaa kwenye fremu yake kama kidole kwenye pete. Jua likiuwakia, chuma kinanenepa. Ikifika saa sita umeng'ang'ana, na mpaka saa kumi hata ungeuita kwa jina la mama yake hautikisiki. Dirisha lina nondo. Basi, kila siku ya kazi, mtafiti wa joto anafungiwa ndani na joto, analitafiti.

"Mwanangu, si ufanyie kazi huku mbele?" Shangazi alimwambia mwanzoni, akimpitishia kikombe cha maji kati ya nondo.

"Msimamizi amesema kelele za cherehani si mazingira ya kitaalamu. Hata mlango amesema niufunge."

"Yeye yuko wapi?"

"Ofisini. Kwenye kiyoyozi."

"Ndiyo maana anavaa sweta. Nilimwona kwenye hiyo kompyuta yako, nikadhani anaumwa."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa baridi tu. Meseji akiipata leo, ataijibu keshokutwa, kwa neno moja, "Noted." Siku nyingine hata hilo neno lilikosa herufi.

Kazi ya Bi Nyuzi ilikuwa kusoma meseji. Watu wanaoishi karibu na misitu walipewa namba ya simu, wakaambiwa wakiona moto watoe taarifa. Wakatoa. "Huku ni moto balaa." "Moto wa leo si wa kawaida, mbuzi wamegoma kula." "Nimepata homa, mwili wote moto." "Chai ya semina ilikuwa moto, tunashukuru." Kompyuta ya taasisi ilizihesabu zote kuwa nyika imewaka, na ramani ikawa nyekundu kama uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Mkuu," Bi Nyuzi alieleza kwenye kikao, "kwetu moto ni moto, lakini pia moto ni joto tu."

"Moto ni moto," alisema Msimamizi.

"Ndiyo, mkuu. Hapo ndipo tatizo lilipo."

"Tunga kanuni."

Akaitunga. Ilimchukua wiki tatu, na ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote. Neno "moto" likija peke yake, ni joto, lipite. Likija pamoja na maneno kama "ndani", "mlango" au "siwezi kutoka", basi kuna binadamu kazingirwa, na kompyuta isimsubiri mtu yeyote: ipeleke taarifa moja kwa moja kwa kikosi cha zimamoto kilicho karibu na simu ile. Ramani ikapoa. Wiki zikapita bila meseji hata moja ya namna hiyo, na Msimamizi akaanza kuuliza kama kanuni inafanya kazi kweli.

Ijumaa ya mwisho ilifika Bi Nyuzi akiwa na saa mia mbili thelathini na sita mkononi. Zilibaki nne. Chuo kilikuwa kinafunga orodha ya mahafali saa kumi jioni, na barua ingetoka yenyewe kwenye programu, na mhuri wake, dakika ileile saa ya mwisho itakapotimia. Siku hiyohiyo Shangazi alikwenda kupeleka sare shuleni. Aliacha chupa ya maji dirishani, akasema harudi mapema, walimu wale wanajaribisha kila kitu mara mbili.

Kufikia saa saba na nusu chupa ilikuwa tupu. Kipimajoto kilionyesha nyuzi arobaini na mbili. Feni ilikuwa inazungusha joto lilelile, kama mtu anayekusimulia kisa kimoja kila mkikutana. Mabati juu yalikuwa yanalia ta, ta, ta. Fulana yenye nembo iliganda mgongoni. Akabonyeza NIPO. Akausukuma mlango kwa bega, akaupiga teke, akaubembeleza. Akarudi kwenye ndoo. Macho yakaanza kuona vidoti. Saa ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, na kitufe kingemkosa mara moja tu, saa ingefutika, na nje ya zamu programu haihesabu, chuo kingefunga orodha, na mwaka mzima ungekwenda na maji, maji ambayo pia hakuwa nayo.

Shangazi alipigiwa, simu yake ikalia kwenye meza ya cherehani, mbele dukani. Msimamizi aliandikiwa, kimya. Bi Nyuzi akakumbuka kwamba kuna namba moja tu ya taasisi inayojibu papo hapo, ile ya meseji za wananchi. Kwa vidole vyenye jasho akaandika:

"Mkuu samahani naweza kuchelewa kubonyeza, huku ndani ni moto sana, mlango umegoma, siwezi kutoka kutafuta maji."

Akatuma. Jibu likaja kabla hajafuta jasho: "Asante kwa taarifa. Msaada uko njiani. Usirudi ndani kuchukua mali."

Alilisoma mara mbili. Kisha akaisoma meseji yake mwenyewe. Moto, ndani, mlango, siwezi kutoka. Maneno yote ya kanuni yake, hakukosa hata moja.

"Mama yangu wee," akasema, akabonyeza NIPO.

King'ora kilisikika saa nane na dakika tano. Gari jekundu lilijaa mtaa mzima, likang'oa kamba ya nguo ya jirani, likasimama mbele ya duka. Shangazi alifika akikimbia, begi la sare kichwani, akaukuta uwanja umejaa watu waliokuja kuangalia nyumba yake ikiungua, baadhi wakiwa wameshakaa vizuri.

Kamanda, mtu wa tumbo na masharubu, alipeleka uso kwenye nondo.

"Dada, moto uko wapi?"

"Humu humu."

"Sioni moshi."

"Sikusema moshi, afande. Nilisema moto."

Kamanda akaingiza mkono kati ya nondo, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria. "Lo! Huyu binti anapikwa!" Akageukia vijana wake. "Leteni mtaimbo!"

"Mlango wangu huo!" Shangazi akaruka mbele. "Ukivunjwa nitalala na stoo wazi! Afande, huo huwa unafunguka wenyewe saa kumi."

"Saa kumi atakuwa ameiva, mama."

Mzimamoto mmoja, ambaye hakuwahi kusomea joto popote, aliushika mlango, akaunusa ukingoni, akasema, "Si umevimba tu huu? Umwagieni maji."

Wakaufungulia bomba. Chuma kikatoa mvuke, kikalalamika, kikajikunyata. Mlango ukasema "ko", ukafunguka wenyewe, taratibu, kama mzee anayeamka usingizini.

Shangazi alishika kiuno.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu napitisha vikombe dirishani, na ndani kuna msomi wa joto, na dawa ni ndoo moja ya maji. Na ndoo umeikalia, mwanangu! Umeikalia!"

Kompyuta nayo ikaamka. Msimamizi huyo, sweta mpaka shingoni, anapiga makofi. "Hongera, binti! Taarifa imefika, kikosi kimefika, ndani ya dakika thelathini! Kanuni inafanya kazi! Tunataka uendelee nasi miezi mingine mitatu, hapohapo ulipo. Mazingira yako yana data nzuri sana." Bi Nyuzi alimtazama, akabonyeza NIPO, akanyoosha mkono kwa Shangazi kuomba maji.

Upepo uliingia stoo kwa mara ya kwanza mchana tangu mafunzo yaanze. Kamanda alisimama kizingitini, akavua kofia yake, akaona kwamba wakati kama huu, na watu wote hawa wakitazama, unataka maneno. Akajikohoza.

"Binti," alisema, akimnyooshea mkono, "kwa niaba ya kikosi kizima, nakutangazia rasmi kwamba umeokolewa. Mlango uko wazi. Uko huru. Toka."

Bi Nyuzi alitazama saa kwenye kona ya kompyuta. Nane na dakika kumi na tatu. Akajiweka sawa juu ya ndoo.

"Bado dakika kumi na saba."