Tiketi Mbili za Kisiwa cha Pili

Wiki iliyopita nilikwenda Champlin kumsaidia mama kufunga vyombo. Anahama ile nyumba, rafiki yangu, maana tangu baba atutoke anasema ngazi zimeongezeka. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la jikoni, nikizifunga sufuria kwa magazeti, nikakuta taulo kuukuu limeviringishwa. Ndani yake mlikuwa na sahani ya udongo, nyeupe, iliyochorwa pweza wa buluu. Chini ya pweza, bahasha. Ndani ya bahasha, tiketi mbili za meli ambazo hazikutumika.

Nikakaa sakafuni. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili nyumbani na darasa zima la watoto wa watu shuleni, lakini pale nilikuwa na miaka tisa tena, na masikio yalinichoma kwa aibu. Ngoja nikueleze polepole.

Wakati huo tuliishi New Hope, mji mwingine wa huku huku ughaibuni, ghorofa ya pili, katika jengo la matofali ambalo vyuma vyake vya joto viligonga ukutani kutwa nzima. Mlango wa pili aliishi jirani yetu, mama wa Kimombasa aliyekaanga mahamri kila Jumamosi asubuhi, na harufu ya iliki ilishuka ngazi hadi kwenye maegesho. Baba na mama walifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, baba zamu ya usiku, mama zamu ya mchana. Gari lilikuwa moja. Walikutana mlangoni, mmoja akiingia, mwingine akitoka, wakapeana ufunguo na kuulizana kama mtoto amekula. Kazi yangu ilikuwa kusugua viatu vyao vyeupe kwa dawa ya meno na kitambaa kibichi. Nilivijua viatu vyao kuliko nilivyozijua nyuso zao zikiwa pamoja.

Sasa, asubuhi moja ya Aprili, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala kando ya barabara, chafu kama majivu, baba aliingia kutoka kazini hata kofia hajavua.

"Bi harusi," akamwambia mama, "Ijumaa tunasafiri."

Mama aliacha kufunga vifungo vya koti. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Basi tunakwenda kufanya nini?"

"Kukaa. Kukaa tu, mimi na wewe, tuangalie maji."

"Maji? Si Mississippi iko hapo, nenda kaiangalie!"

Lakini baba alikuwa amekwisha kata tiketi. Alikuwa ameona tangazo la bei nafuu, pwani ya Ugiriki na visiwa viwili, siku kumi, na alijua kwamba akifikiri mara mbili hataenda. Nakumbuka mama alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumsikia akicheka namna ile, na kusema kweli sikukipenda kicheko kile. Hakikuwa changu.

Lazima uelewe jinsi watu wetu walivyokuwa wakisafiri. Kanisani kwetu mtu alipanda ndege kwenda kuzika, au kwenda kupeleka mahari. Ndiyo maana swali la kwanza la mama lilikuwa lile. Kupanda ndege ili kulala kwenye mchanga lilikuwa jambo la wagonjwa wa kazini kwa baba na mama, wazee waliobandika picha za meli kubwa juu ya vitanda vyao. Mama mwenyewe aliona haya. Usiku wa kuamkia safari aliniambia, "Ukiulizwa, sema wamesafiri. Inatosha." Akaandika namba ya hoteli kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji ya jirani, akanikabidhi kwake.

Jumapili familia moja ya kanisani ilinipitia. Darasa la watoto lilikuwa chini ya ukumbi, na mwalimu wetu alikuwa bado hajaingia. Mwalimu huyu alikuwa mwanamke aliyetoka kijiji kimoja na mama, na alikuwa na tabia moja ambayo mimi nimeiiba na kuitumia hadi leo: akikuuliza swali, alikungoja. Hakukukemea wala hakukutajia jibu. Alisimama tu, uso umetulia, mpaka ukajipata.

Kabla hajafika, msichana mmoja aliyependa kujua mambo akaniuliza wazazi wangu wako wapi.

"Wamesafiri."

"Wapi?"

"Baharini."

"Kuogelea? Na wewe wakakuacha?" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu wazazi wamemtoroka! Wamemwacha kama mwavuli!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaingia na boksi lake la kalamu za rangi, akaniona macho yamejaa. Akauliza kuna nini. Akangoja. Nami nikasema, "Nyanya amefariki."

Nilimuua nyanya yangu kwa maneno mawili, rafiki yangu, naye siku hiyo alikuwa shambani kwake Taita akichuma kunde. Na ubaya wenyewe ni kwamba ilikuwa tamu. Kicheko kilikatika. Yule msichana akanisukumia biskuti zake zote. Mwalimu akanikumbatia, sweta lake likinuka sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikahisi kwamba nina mtu.

Alasiri magari yakaanza kuingia kwenye maegesho yetu. Walikuja, mwalimu akiwa kati yao, na chai kwenye machupa, chapati ndani ya taulo, sufuria ya kuku, na vitabu vya nyimbo. Jirani akafungua mlango, ushungi mkononi.

"Poleni sana, dada," mzee wa kanisa akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya nyanya wa mtoto."

Jirani akajishika kichwa. "Ya Rabi! Na hao masikini ndio kwanza wamekwenda kupumzika! Kwani wanajua?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na hakika. Jirani akainama akanishika mabega. "Mwanangu, habari hii kakuletea nani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Chapati zilikuwa bado za moto. Nikanyoosha kidole. "Mwalimu."

Ikaaminika mara moja, maana yeye na mama walitoka kijiji kimoja. Mwalimu alifungua kinywa, akanitazama, akangoja. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Na kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini kwamba nyanya amekufa kweli, aliona si wakati wa kubishana na mtoto mfiwa. Mzee wa kanisa alikuwa tayari amebandua karatasi kwenye friji, anabonyeza namba. Jirani akatandika mikeka sebuleni na kuweka kahawa chungu jikoni, kwa desturi ya kwao, na watu wa kanisa wakaimba nyimbo zao juu ya mikeka hiyo. Nilikula mapaja mawili ya kuku.

Yaliyotokea upande wa pili niliyajua baadaye. Wazazi wangu walikuwa na siku mbili tu kwenye kisiwa cha kwanza. Huko ulikuwa usiku tayari; mama aliitwa kutoka ufukweni akiwa miguu mitupu. Simu ya Taita haikupatikana usiku huo wala asubuhi yake, na mama alimlilia mamake kwenye ngazi za hoteli, mbele ya watu wasiojua lugha ya kumpa pole. Baba alibadilisha tiketi za ndege kurudi. Walikuwa uwanjani tayari, mizigo imeshakwenda, walipompata nyanya hewani.

"Niambieni basi nilikufa kwa ugonjwa gani," nyanya alisema, "nijue chakula cha kuacha."

Alicheka yeye. Mama hakucheka. Walirudi New Hope siku ya tano, ngozi za mabega zinabanduka, na kesho yake mama alivaa viatu vyeupe akaenda kazini.

Wazee wa kanisa waliuliza nani aliyeanzisha habari ile. Tulikuwa ukumbini, mimi nimesimama kando ya baba. Mwalimu alinitazama tena, akangoja, muda mrefu safari hiyo. Kisha akasema, "Nilikosea mimi. Nisameheni." Watu wakasema ana mdomo. Hakupewa tena darasa la watoto, na mwaka ule ule akahamia kanisa la upande wa Oakdale. Baba, aliyemsalimu kila mtu hadi mpita njia, hakumpa mkono tena.

Wazazi wangu hawakusafiri tena wawili. Baba alisema "mwaka ujao" kila Aprili, mpaka tukaacha kumsikia. Nyanya alipofariki kweli, nikiwa shule ya sekondari, mama alikaa kwenye kochi macho makavu. "Huyu nilishamlilia," akasema, "huko nilikokwenda kupumzika." Nilikwenda kujifungia bafuni.

Basi, pale jikoni Champlin, mama alizichukua tiketi, akazisogeza mbali na macho ili azisome.

"Kisiwa cha pili," akasema. "Hakina magari, punda tu. Baba yako alisema huko nitalala mpaka nichoke kulala."

Nikamwambia. Sikuchagua maneno mazuri. Mama alimaliza kufunga sufuria aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye boksi.

"Rudia."

Nikarudia.

"Baba yako amezikwa hajasalimiana na yule mwalimu."

"Najua, mama."

"Mimi nitakusamehe. Wewe ni wangu, nitakupeleka wapi? Lakini katika foleni hiyo mimi si wa kwanza." Akaiviringisha tena sahani ya pweza ndani ya taulo lake, akanipa. "Usiende mikono mitupu."

Jumamosi nilipitia New Hope kwanza. Lile jengo limepakwa rangi ya kijivu. Jirani alihama zamani, na ngazini hapanuki iliki, hapanuki kitu. Ukumbi wa kanisa sasa ni duka la mazulia. Nyanya hayupo, baba hayupo, na kile kicheko cha mama cha kushika ukuta sikukisikia tena baada ya asubuhi ile, nami ndiye niliyekuwa na haraka kiishe. Ikiwa nawe una jambo lako la namna hii, nakwambia kwa upole kabisa, usingoje mpaka wabaki wawili tu wa kuombwa msamaha.

Huko Oakdale nilibonyeza kengele. Alifungua mwenyewe, mvi kichwa kizima, miwani ikining'inia kifuani. Alinitambua. Aliutazama mzigo mikononi mwangu, kisha uso wangu, wala hakuuliza kitu. Akasimama mlangoni akaningoja, kama zamani.

Sikuangalia viatu.