Mkate Wenye Dawa

Shangazi yangu anakanda mkate kiwandani, kwenye mashine yenye beseni ambamo mtoto angeweza kuogelea. Wenzake wamembandika jina la Hamira, kwa sababu akiudhika haumuki papo hapo. Anaumuka taratibu, na ukishamwona ameumuka ujue umechelewa. Mumewe ni fundi saa. Meza yake ameiweka dirishani, panapoingia mwanga, maana kazi yake yote ni macho.

Kiwanda kinatoa mkate mweupe na wa brauni. Mfuko wa brauni umechorwa masuke na kuandikwa "Ngano Nzima" kwa herufi nene, na mimi mfuko ule unanitia hasira mpaka leo. Ugeuze usome yale maandishi madogo ya nyuma, yanayoanza na kilicho kingi zaidi: unga wa ngano, maji, sukari, mafuta, na huko mkiani, kama mgeni asiyealikwa, pumba. Unga wa ngano tu. Lile neno "nzima" limebaki mbele na picha. Unga wenyewe ni uleule mweupe uliokobolewa, na rangi inatoka kwenye kidumu cha sukari iliyounguzwa. Kidumu hicho kiwandani wanakiita dawa. Msimamizi akipaza sauti, "Hamira, tia dawa!" shangazi anamimina, donge linabadilika rangi. Hakuna aliyeona ajabu. Si tuna dawa ya viatu, ya mbu, ya meno?

Fundi alipopimwa akakutwa na kisukari, kliniki walimwambia apunguze mkate mweupe. Shangazi akaanza kurudi na wa brauni. Alijua ulivyokandwa, lakini alijisemea pumba kidogo si sawa na bure, akamsihi asizidishe kipande kimoja asubuhi. Jioni moja, akivua viatu, akalalamika, "Leo nimefokewa, eti mkate wa brauni sikuutia dawa ya kutosha." Akaenda zake jikoni. Fundi akabaki na lile neno.

Miezi ikapita. Mkate ukawa unaisha upesi, shangazi akadhani ni sisi wapwa zake tunaopita pita pale, na kwa kweli tuna sifa hiyo. Wakati huohuo skrubu zikaanza kumponyoka fundi. Alikuwa akipapasa sakafuni huku akilaumu balbu, akanunua nyingine, na skrubu zikaendelea kuanguka. Tukampeleka kliniki.

Muuguzi alisoma kipimo akakunja uso. "Baba, sukari imepanda sana. Unakula nini?"

"Mkate wa mke wangu," fundi akajibu kwa majivuno. "Ule wenye dawa. Vipande viwili kutwa mara tatu, sijaruka hata siku moja."

"Dawa gani hiyo?"

"Muulize mwenyewe, si ndiye anayeitia?"

Mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha wake wa kawaida. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameukamata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ni rangi," akasema kwa sauti ndogo. "Sukari ya kuunguza. Tunaiita dawa tu."

Muuguzi akajaribu kumtuliza, akasema rangi si kitu, kilichompandisha ni unga mweupe na wingi wa vipande. Alidhani anampunguzia mzigo.

Nyumbani nilisubiri ugomvi, haukuja. Shangazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Nigombeze basi!"

"Kwa lipi? Mimi ndiye niliyesikia vibaya." Fundi akaketi mezani pake. "Na mkate wenyewe siupendi, una uchungu kwa mbali. Nikasema ndivyo dawa zilivyo."

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio, akalia kama siku aliyofiwa na mama yake.

Kesho yake msimamizi akaita, "Hamira, tia dawa!" Shangazi akasimama na kidumu mkononi, mashine inazunguka. "Sema rangi," akamwambia. Msimamizi akacheka, kisha akaona ameumuka, akasema rangi. Siku hizi zamu yake nzima wanasema rangi. Mfuko haujabadilika, masuke yake yapo palepale.

Siku za mapumziko shangazi hununua ngano, huisagisha pamoja na ganda lake, huoka mwenyewe mkate mdogo, mzito. Fundi anakula kipande kimoja, anauliza kwanza umetiwa nini, na shangazi anamtajia kila kitu mpaka chumvi. Macho yamerudi nusu. Saa za ukutani anazimudu, ila za mkononi anawapelekea mafundi wenzake, na kila akitoka na moja ya mteja mfukoni hurudi mnyonge mpaka usiku.

Saa ya mkononi ya shangazi ilisimama mwezi uliopita. Anaivaa hivyohivyo. Fundi akimuuliza saa ngapi, anaitazama vizuri, anakisia, anamjibu.