Kadi Mbili za Mahafali ya Dada Hidaya

Harufu ya kitenge kipya kikipigwa pasi ya mkaa hunirudisha Mikumi hadi leo. Ni harufu ya rangi, wanga na moshi kidogo, na kwangu imechanganyika na mngurumo wa malori ya kwenda Zambia yaliyokuwa yakipita mbele ya kibanda cha Shangazi Mwajuma, dada yake baba, fundi cherehani aliyekuwa na mdomo mkali kuliko mkasi wake. Mwaka ule, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, kibanda chake kilijaa kitenge cha aina moja tu, cha zambarau chenye maua ya manjano. Dada yangu Hidaya alikuwa anahitimu chuo kikuu huko Morogoro, na ukoo mzima ulikuwa unashonewa sare. Mimi nilikuwa darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa wa pasi na kuokota vifungo vilivyoviringika chini ya meza, na niliifanya kwa majivuno makubwa, maana kwetu, upande wa mama na upande wa baba, hakuna mtu aliyewahi kuvaa joho.

Lazima niwaeleze hizo pande mbili, kwa sababu balaa lote lilitokea hapo. Sisi tulikaa Ulaya, si ile ya kupanda ndege, bali Ulaya yetu ya Kilosa, ya baiskeli na siku za gulio, kwenye ardhi ya watu wa mama. Mama ni Msagara, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Anayemsemea na kumsimamia katika siku zake kubwa ni mjomba. Mjomba Saidi, kaka mkubwa wa mama, aliibeba kazi hiyo kwa mikono miwili. Ndiye aliyempeleka Hidaya sekondari Kilosa mjini kila shule ilipofunguliwa, tranka limefungwa kwenye keria ya baiskeli, tope limemfika magotini, na kwenye vikao vya wazazi alikaa mstari wa mbele kabisa. Baba alikuwa mtu wa kuja. Babu yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, na kwao mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Yeye alikata miwa Ruhembe, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na mikono iliyochanikachanika kwa majani ya miwa, na ada yote ya Hidaya ilitoka kwenye mikono ile. Miaka yote hiyo waliitana shemeji kwa adabu, kwa kuwa hapakuwa na jambo lililowalazimisha kupimana.

Jambo hilo lilikuja siku moja kabla ya mahafali. Tulikuwa tumekusanyika Mikumi kwa shangazi, maana Kosta tuliyokodi ingeanzia safari hapo. Hidaya alifika mchana na joho lake ndani ya mfuko, akasalimia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, kisha akatoa kadi mbili ngumu zenye nembo ya chuo. Alisema kila mhitimu amepewa mbili tu. Wenye kadi wataingia ukumbini, wengine wote watasubiri nje ya geti. Kwamba moja ni ya mama, hilo hakuna aliyelifikiria mara mbili.

“Hiyo nyingine niletee mimi, mpwa wangu,” alisema mjomba, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Baba alikuwa amesimama katikati ya kibanda akijaribu koti la suti, suti yake ya kwanza maishani, na shangazi alikuwa ameshika pini mdomoni. “Shemeji,” alisema bila kugeuka, “hiyo ni kadi ya baba mzazi.”

“Nani amekataa kwamba wewe ni baba? Lakini mtoto huyu ana wenyewe.”

Shangazi alitema zile pini. Hata mimi, mtoto, nilijua kwamba neno lile halikupaswa kutamkwa, siku ile wala siku nyingine. Baba alilivua koti taratibu, akalitundika kwenye msumari, akasema kwamba kama mtoto ana wenyewe basi wenyewe wampeleke. Yeye kesho yuko shambani. Mjomba naye akasema hawezi kuisikiliza siku ya mwanawe nyuma ya uzio kama muuza karanga. Bila kadi atarudi Ulaya na watu wake, na hakuna mtu wa ukoo atakayemfanyia Hidaya dua. Kisha akamwambia mama kitu kwa Kisagara, haraka haraka. Baba hakukielewa, au alijifanya hakielewi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kibanda cha shangazi kilikuwa kidogo kuliko zizi lolote.

Hidaya aliufunga mfuko wenye joho lake, akauweka kando. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba haendi popote, cheti atakifuata ofisini siku yoyote, na waliotaka sherehe wakasherehekee wenyewe. Miezi mizima nilikuwa nimejitangazia shuleni kwamba dada yangu atavaa kofia ile ya pembe nne mbele ya umati, na sasa niliona kiti chake kikiwa kitupu, jina likisomwa na hakuna anayesimama. Lakini lililoniogopesha zaidi ni uso wake. Nilimjua dada yangu. Akisema haendi, haendi.

Alasiri ile ilikuwa ndefu ajabu. Mjomba alikaa kwenye benchi mbele ya kibanda, baba akakaa nyuma, juu ya tairi bovu la lori, na mimi nikatumwa chai huku na chai kule. Kila mmoja aliniuliza mwenzake anasema nini. Hasemi kitu, niliwajibu. Niseme ukweli, niliwachukia wote wawili. Nilitamani kummwagia mmoja chai halafu nimrudie wa pili. Shangazi alijaribu utani wake wote, akasema labda kadi ikatwe vipande, mmoja aingize kichwa na mwenziwe miguu, hakuna aliyecheka. Na mama? Mama alikaa chini akishona vifungo kwenye sare, kimoja baada ya kingine, kichwa kimeinama, kana kwamba ugomvi ule ulikuwa wa nyumba ya jirani.

Asubuhi Kosta ilikuja, ikapiga honi, na hakuna aliyepanda. Dereva alishuka, akatutazama, akarudi kwenye usukani. Ndipo mama akatoka ndani akiwa amevaa sare yake, kadi zote mbili mkononi. Alimpa kaka yake moja, kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Akamwendea baba, akampa ya pili vilevile.

“Haya, pandeni. Mtoto asichelewe.”

“Na wewe?” aliuliza baba.

“Mimi nina mwenzangu wa kukaa naye nje,” alisema, akaniwekea mkono begani.

Hidaya alisema, “Mama, hapana,” na mama akamjibu, “Vaa viatu,” naye akavivaa. Mimi niliwatazama wanaume wale. Nilisubiri mmoja wao, yeyote, arudishe kadi. Mjomba aliikagua yake mbele na nyuma, akaitia mfukoni mwa kanzu. Baba alikwenda kuchukua koti lake msumarini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, na siku ile wazazi walikuwa wengi kweli.

Barabara ya Morogoro hupita katikati ya mbuga, na magari hulazimika kwenda polepole kwa ajili ya wanyama. Siku nyingine yoyote Kosta ile ingekuwa kelele tupu. Tuliwapita tembo kando kabisa ya lami, mama na mtoto wake, na hakuna aliyenyoosha kidole. Mjomba alitazama dirisha la kushoto, baba la kulia. Nilikaa mapajani mwa mama ingawa nilikuwa mkubwa mno kwa kupakatwa.

Nje ya geti la chuo palikuwa na umati, wauza mashada ya maua ya nailoni, wapiga picha, vumbi na tarumbeta. Shangazi na wengine walitafuta kivuli. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, mahali ambapo kipaza sauti kilisikika, akashika nyaya kwa vidole vyote kumi. Hakukaa. Hakunywa maji. Majina yalisomwa kama mvua ya mawe, na kila tarumbeta ilipolia aligeuka kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mimi nilishika ncha ya kanga yake na kuomba Mungu upepo usigeuke ukaipeleka sauti kwingine. Jua lilikuwa limetupiga muda mrefu tuliposikia “Hidaya,” na jina la baba likafuata. Mama alipiga kigelegele kimoja, kirefu, peke yake, hadi watu wakatupisha. Kisha akaficha uso ndani ya kanga, akalia kwa sauti.

Hidaya alitoka na joho lake, mjomba amemshika mkono huu, baba mkono ule, wote wawili wanatabasamu kama watu waliozaliwa tumbo moja. Wanawake walitandika vitenge chini apite juu yavyo, kama ilivyo desturi. Mama alikuwa nyuma, ameinama, akiokota kila kitenge kilichokwisha kukanyagwa na kukimbia kukitandika tena mbele.

Siku hizi mahafali huonekana kwenye simu. Mwaka huu mtoto wa binamu yangu amehitimu, na sote tulimtazama tukiwa Ulaya, sebuleni, intaneti ikikatika na kurudi. Ugomvi pekee ulikuwa rangi ya sare, nao uliishia kwenye kundi la WhatsApp. Baba aliacha miwa zamani. Yeye na mjomba ni wazee sasa, hawaachani, na siku hiyo walianza kutusimulia mahafali ya Hidaya. “Tulikaa watatu, kiti kwa kiti,” alisema mjomba. “Mama yenu alilia mle ndani mpaka nikamwonea aibu,” akadakia baba, na wote wakacheka kwa upendo wa kweli. Hawakuwa wanadanganya. Ndivyo wanavyokumbuka.

Nilimfuata mama uani, alikokuwa akichambua kunde, nikamuuliza kwa nini yeye hawasahihishi.

“Waache, mwanangu,” alisema. “Wakikumbuka kwamba sikuwemo, wataanza tena kugombana nani alipaswa kunipa kadi.”

Nimewaacha. Lakini mimi nilikuwa naye pale kwenye uzio, nimeshika kanga yake, na najua alikuwa wapi.