Pua ya Akiba ya Shemeji

Nimepasua watu miaka kumi na tisa. Ni mgonjwa mmoja tu aliyewahi kuniomba nimtunzie pua ya akiba.

Alikuwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu.

Pua yake ilikuwa imepondeka.

"Kaanguka bafuni, kaka," mdogo wangu alisema, kamshika mkewe mkono, machozi yanamlengalenga.

Asubuhi ya upasuaji, shemeji akanivuta koti.

"Shemeji, kipande kitakachobaki usikitupe. Nishonee humu kifuani."

Nikacheka. "Wewe kiboko! Unapanga kuanguka tena?"

Yeye hakucheka.

Kumbe alishamdodosa nesi. Ni kweli, gegedu, ule mfupa laini wa ubavuni, ukilifukia chini ya ngozi ya mwenyewe linakaa salama.

Nikampasua chini ya titi, nikalitoa, nikalichonga liwe pua. Kazi hii haitaki papara. Gegedu likishachongwa hujipinda, kwa hiyo naliweka kwenye maji ya chumvi nusu saa, nione linapindia wapi, ndipo nichonge tena. Ukiharakisha, mtu anatoka na pua iliyonyooka, baada ya miezi imeenda upande.

Pua ikakaa sawa. Kilichobaki nikakishona kifuani kama alivyotaka. Mdogo wangu alinikumbatia mpaka nikaona haya.

Miezi saba baadaye wakarudi.

"Kaanguka tena, kaka."

Safari hii na jicho la kushoto lilikuwa limepasuka. Nilimulika tochi, halikuona kitu.

Nikamtoa mdogo wangu nje, nikafunga mlango.

"Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Nikazima tochi.

"Pua ninayo hapa kifuani," akasema. "Jicho sikuweka akiba."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Mahakamani nilisema yote. Mdogo wangu yuko ndani. Mama hajanisemesha tangu siku ile.

Ila kuna moja sikulisema hata mahakamani.

Siku ile ya kwanza, kabla sijamgusa shemeji, nilimfunga mdogo wangu bendeji kwenye vifundo vya vidole. Alidai kabanwa na mlango. Nikaona ni jeraha la ngumi, nikanyamaza, nikaendelea kufunga.

Ndugu msomaji, mtu akiletwa kwako kaumia, mtoe nje aliyemleta, kisha uulize.

Gegedu nililisubiri nusu saa. Shemeji sikumpa hata dakika moja.