Chumba cha Juu cha Baba

Baba alijenga ghorofa mjini Sumbawanga, ila ghorofa lenyewe halikuwahi kufika. Lilikuwepo dari la zege, zito kuliko Ufipa nzima, na juu yake nondo zimesimama zikingoja chumba chake cha kulala. Aliwaambia wageni kwamba akiwa huko juu ataiona Namanyere. Mgeni akibisha, baba anamwongezea Kongo.

Chini ya dari hilo ndiko tulikoota moto. Baridi yetu ya mwezi wa saba inagandisha hata salamu mdomoni, basi jiko la mkaa lilikaa katikati ya sebule, mlango tumeuegesha tu ili tusife. Miaka yote hiyo hewa ya ukaa ilipanda ikajipenyeza kwenye zege, polepole, na sisi huku chini tunacheka.

Mwaka huu kipande cha dari kikaanguka mezani. Nondo iliyobaki wazi ilikuwa na kutu, imevimba.

"Tupige lipu," baba akasema. "Mahindi yakiuzwa, tunapandisha chumba."

Nikamwita mhandisi, binti wa mjini hapa. Akampa baba shikamoo yake, akachonga dari, akapuliza dawa. Nikajitapa kwamba dawa hiyo niliisoma shule ya usiku: zege likiwa zima, inageuka pinki. Tukainua shingo wote. Kijivu. Pinki ilianzia ndani sana, kuzipita nondo.

"Mbona haikolei?" baba akauliza.

"Zege lina ukali, mzee, ule unaochoma mikono ya mafundi. Ndio unaokinga nondo. Hewa ya ukaa imeumaliza, unyevu wa mvua ukaingia, kutu ikavimba ikabandua zege."

"Moto wetu?"

"Hata bila moto kutu ingefika. Moto umeharakisha tu. Na zege lililofunika nondo ni jembamba kama chapati."

Baba akainua macho darini. Kisha akasema, "Chumba kimoja tu, binti yangu. Nilale peke yangu. Mimi sina uzito."

Binti akatikisa kichwa. Baba akanigeukia. "Wewe uliyesoma, mwambie."

Nilikuwa na maneno matamu ya kujaza lori zima. Yakagoma kutoka.

"Halitabeba, baba. Hata wewe peke yako."

Akajifuta vumbi begani, taratibu.

"Basi bomoeni nikiwa Msanzi kwa dada yangu," akasema. "Na mkimaliza, msinipigie simu."