Kopo Kwenye Jiwe la Mpaka

Gesima nzima ilijua kwamba Sylvanus Onsongo hajawahi kusogeza mpaka wa mtu. Kwa miaka thelathini na mmoja alivuta mnyororo wa wapima ardhi, kutoka Keroka hadi ng'ambo ya Nyamira, na katika boma lenye ugomvi wa shamba alikataa kuku, alikataa ndizi, alikataa hata kikombe cha chai. "Chai ya mwenye kesi ina mdomo," alikuwa akisema. Jina lake halikuwahi kutajwa mbele ya chifu, na mkewe, Mwalimu Jacinta, aliliona hilo kuwa mali kuliko majani chai yote ya mteremko ule.

Basi ilikuwaje mtu kama huyo akakutwa asubuhi ya Jumapili amepiga magoti kwenye matope, mikono yote miwili iko chini ya jiwe la mpaka?

Chanzo ni Australia. Binti yao wa kwanza, Nyanchera, ni muuguzi huko Adelaide, na mwaka 2023 alimwita baba yake akae naye miezi miwili. Mwalimu Jacinta alibaki, kwa kuwa ng'ombe hawakamuliwi kwa simu. Siku za mapumziko Nyanchera alikuwa na mchezo wake. Watu huficha kopo mahali penye historia, kisha huandika mtandaoni namba za mahali hapo, na wengine huja na simu zao kulitafuta. Ukilipata, unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo, unalirudisha palepale na kwenda zako. Wenyewe huuita jiokashing. Sylvanus aliuita mchezo wa makopo.

Nyanchera alipenda hasa makopo yaliyofichwa kwenye njia za wazungu wa kwanza kuipasua nchi ile, na kuliko wote John McDouall Stuart, aliyeivuka kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1862. Siku moja walipanda kilima kikavu chenye rundo la mawe na bamba la kumbukumbu. Sylvanus aliposikia kwamba Stuart alifanya kazi ya upimaji kabla ya safari hizo, alivua kofia.

"Kumbe huyu ni mtu wa kazi yetu!"

"Lakini tata," Nyanchera akamwambia baba yake, "wenyeji walikuwa hapa tangu zamani. Kila kisima kilikuwa na jina."

"Basi hakugundua kitu. Alipita kusalimia." Akalitazama lile bamba kwa muda. "Na waliomshikia mnyororo? Mbona majina yao siyaoni?"

Nyanchera akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Hayakuwepo. Kopo walilipata chini ya mawe, wakaandika majina yao, lakini njia nzima ya kurudi mzee alikuwa akihesabu vidoleni majina ya wenzake wa mnyororo.

Aliporudi Gesima alikuja na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na wazo. Vilima hivi navyo vilikuwa na watu waliovipasua kwa miguu, mvua ikiwanyeshea, wakipima kila kipande hadi kila boma likapata cheti chake. Nani aliwawekea bamba? Akaketi mezani, akaandika katika kijitabu habari za mpima Obwocha na vijana wake watano wa mwaka 1977, majina yote. Mwalimu Jacinta alisahihisha makosa mawili kwa kalamu nyekundu.

"Utalificha wapi?"

"Penye historia."

Hakuuliza zaidi, na alikuja kujuta.

Mahali penyewe palikuwa jiwe la mpaka kati ya shamba lao na la jirani yao, Nyamweya. Sylvanus ndiye aliyelisimika kwa mikono yake, kijana wa miaka ishirini na miwili, Obwocha akiwa amemsimamia anamkaripia. Furaha ya kulikumbuka ikamsahaulisha jambo ambalo mtu wa Gesima hulijua kabla hajajua kuhesabu: hupigi goti penye jiwe la mpaka peke yako. Hata kama ni kung'oa magugu, unamwita jirani kwanza, asimame upande wake nawe usimame upande wako.

Nyamweya alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Akamwona mzee matopeni, simu yake imelazwa juu ya jiwe ikisoma namba za mahali. Akasimama.

"Omogaka, mzee wangu, umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza kitu," akajibu Sylvanus kwa uchangamfu. "Naficha."

Maisha yake yote hakuwahi kutoa jibu baya kuliko hilo. Nyamweya aliuangusha mzigo wake, na kabla Wakatoliki hawajatoka misa habari ilikuwa imefika kituo cha kununulia majani chai: Onsongo anasogeza jiwe, tena anatumia simu. Kufika jioni ilikuwa imeota meno. Anyona wa ng'ambo ya mto alikuwa akiuliza kila anayekutana naye, "Kama la kwake analisogeza, haya ya kwetu aliyasimika wapi?"

Hapo ndipo mzee alipochomwa. Halikuwa tena jiwe moja. Ilikuwa miaka thelathini na mmoja.

"Baba Nyanchera," Mwalimu Jacinta akamwambia, "mimi nimefundisha nusu ya watu hawa. Sitaki waje kunifundisha maana ya neno mwizi."

"Nitawaonyesha kopo."

"Kopo halina ulimi. Wanaouliza wanauliza mpaka."

Jumanne chifu msaidizi, Bi Lorna, alikuja kusimama penye jiwe. Watu walijaa pande zote mbili. Sylvanus akalitoa kopo, akaeleza habari za Stuart, mchezo, na wapima wa mwaka 1977. Walimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa. Kisha Fred, shemeji yake Nyamweya, karani wa ofisi mjini Nyamira, akachomoa simu.

"Si umesema namba za mahali hapa uliziandika mtandaoni Jumapili? Tuzifuate."

Akazifuata. Simu ikampitisha jiwe, ikamwingiza hatua tano ndani ya chai ya Sylvanus mwenyewe, ikasimama.

"Haya! Jumapili jiwe lilikuwa huku. Leo liko kule kwa Nyamweya. Jiwe limeota miguu!"

"Simu hukosea hatua tano, hata sita," Sylvanus akasema. "Kwa kutafuta kopo inatosha. Kwa mpaka haitoshi."

"Ala! Jumapili ilikuwa nzima, leo imeugua?"

Watu wakacheka. Mwalimu Jacinta hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, na wale waliopita darasani kwake wakainamisha macho.

Kicheko kilipoisha Sylvanus akamgeukia chifu msaidizi. "Bi Lorna," akasema, "kabla ya kusimika jiwe, Obwocha alituagiza tutie shimoni makaa na chupa iliyovunjwa. Mwizi wa mpaka hubeba jiwe. Makaa hayabebi, kwa sababu hajui kama yapo."

"Mbona hukuwahi kusema?" akauliza Nyamweya.

"Siri ya kazi ukiitangaza inakuwa mboga ya kila mtu."

"Na yasipokuwepo?"

"Basi mpaka uwe pale simu ya Fred iliposimama. Chai yote iliyo hapa katikati ni yako."

Mwalimu Jacinta akavuta pumzi. Ile michai aliipanda yeye. Lakini akasogea, akawapisha wenye majembe.

Wanaume wanne wakaling'oa jiwe. Nyamweya akachimba kutoka upande wake, Sylvanus kutoka wake. Udongo mwekundu, kisha udongo mwekundu tena. Kina cha kiganja, kina cha mkono hadi kiwiko. Njia ya fuko ilikatiza katikati ya shimo, na mzee alipoiona akatia vidole ndani kupapasa makaa, asiyapate. Miaka arobaini na sita ni mingi. Mnyama mdogo tu angetosha kumaliza jina la mtu.

Jembe la Nyamweya likalia, krr.

Akainama, akaokota kitu cheusi, akakisugua. Vidole vikawa vyeusi. Akaingiza mkono tena, akatoa kitako cha chupa ya kijani, akakigeuzageuza juani. Fred akarudisha simu mfukoni polepole.

Nyamweya hakuomba msamaha; wanaume wa Gesima hawauombi wamesimama mbele ya umati. Alirudisha makaa na kile kitako cha chupa shimoni kwa mikono yake, akashika jiwe upande wake, akamngoja Sylvanus ashike upande wa pili.

"Na hilo kopo liondolewe," Bi Lorna akasema.

"Liache," akasema Nyamweya. "Nipe hapo nione."

Akaandika jina lake kwenye kijitabu, la kwanza kabisa, kisha akamgeukia jirani yake. "Lakini atakayekuja kulitafuta apite kwangu kwanza, nikuite."

Mwezi uliofuata walikuja mume na mke kutoka Nakuru, simu mkononi, wamepotea katikati ya chai. "Onsongo!" Nyamweya akapaza sauti toka chini ya mteremko. "Teremka, wageni wa kopo!" Wazee wawili wakasimama, kila mmoja upande wake, wakawatazama wageni wakipiga magoti matopeni.